Paka Ndani ya Mkebe wa Biskuti

Mkebe ulipotua mezani kwake, Fundi Waranti aliutazama kwa jicho moja. Jicho la pili lilikuwa limeshaanza kutafuta namna ya kuubakisha.

Ulikuwa mkebe wa biskuti uliopakwa rangi nyeusi ya kucha, tena kwa subira, maana hata pembe hazikuachwa. Ubavuni ulitobolewa matundu ya waya, na humo zikaning'inia pedi mbili za kuchezea gemu: moja kuukuu, imefungwa plasta tumboni kama mgonjwa wa upasuaji, nyingine mpya, inang'aa. Aliyeuleta alikuwa Shangazi, msusi wa ghorofa ya tatu, mlango wa buluu. Vidole vyake vilikuwa vikisuka hata pale ambapo hakukuwa na kichwa cha mtu mbele yake.

"Umekufa," alisema Shangazi.

"Pole sana. Ulikuwa unaumwa nini?"

"Fundi, sijaja matangani. Unawaka, unaonyesha marangirangi, unazimika, unawaka tena. Na pale pembeni ya kioo kuna kiradi cha njano kinanikonyeza."

Kabla ya kuendelea ni haki tumweleze Waranti, kwa kuwa akiachwa ajieleze mwenyewe atadanganya. Meza yake ilikuwa chini ya ngazi za jumba kuukuu la wapangaji, mahali ambapo kila anayepanda humwaga vumbi kwenye lehemu ya fundi. Jina alilipata kwa ahadi yake. Redio, pasi, feni, chochote alichokigusa alikitoa na waranti, na waranti hiyo ilidumu mpaka mteja avuke geti. Alikuwa na desturi moja ya kazi: kila kitu alikijaribu kwa dakika moja, mbele ya mwenyewe, na dakika hiyo aliipamba kwa maneno kama bwana harusi. Dakika iliyofuata ilikuwa ya mteja na Mungu wake.

Siku hizo, hata hivyo, alikuwa na joto la roho. Mwenye Jumba alikuwa amemtangazia kwamba mwisho wa mwezi uvungu ule wa ngazi utajengwa ukuta na kuwekwa saruji. Waranti na meza yake wangeenda wapi? Barabarani, na barabarani askari wa jiji huondoa meza bila hata kuuliza ina waranti ya miaka mingapi. Kilichobaki kilikuwa chumba kimoja tu: kile cha mbele, chenye mlango wa mninga na dirisha linalotazama mtaa. Waranti alikuwa akikipitia kila asubuhi na kukiangalia kama kijana anavyomwangalia binti wa jirani.

Chumba hicho kina habari yake, na Mwenye Jumba angependa isahaulike. Bahati mbaya wapangaji wana kumbukumbu ndefu kuliko mikataba yao. Tangu jumba lijengwe kilikuwa chumba chao wote. Mvua ikinyesha walianika nguo humo, na wakiwa na jambo walikaa humo wakalizungumza. Siku moja jambo lenyewe likawa ni kwa nini maji hujaza kwanza tangi la mwenye nyumba, ndipo yakumbuke watu. Aliyesimama na kuuliza alikuwa Shangazi. Kesho yake asubuhi chumba kilifungwa kwa kufuli, eti sakafu inatengenezwa. Mpaka leo inatengenezwa, na hajaonekana hata mtu mmoja akiingia na mwiko. Mwenye Jumba aliapa mbele ya geti kwamba mwanamke yule hatashika ufunguo wowote jumbani humo zaidi ya wa mlango wake.

Waranti hayo yote aliyajua. Alihudhuria hata mkutano wenyewe, akapiga makofi, kisha jioni akaenda kumwambia Mwenye Jumba nani wengine walipiga makofi. Huyo ndiye mtu wetu.

"Umo mchezo gani?" aliuliza sasa, kwa sauti ya mtu anayeuliza saa.

"Mingi ya zamani. Lakini mimi nacheza mmoja tu, Paka wa Mapaa. Mteja akichelewa, nacheza na paka wangu."

Waranti alikohoa. Moyo ulikuwa umemruka, na ilibidi atoe sauti fulani ya kuufunika.

Kwa maana kila alipoitwa kurekebisha televisheni ya Mwenye Jumba alilishwa hadithi ileile ambayo jumba zima liliijua: jinsi Mwenye Jumba, akiwa kijana mwembamba, alivyokuwa bingwa wa Paka wa Mapaa katika ukumbi wa gemu pale mjini, jinsi paka wake alivyoruka kutoka paa hadi paa, akikwepa matangi na kamba za nguo, na wasichana wakisimama nyuma ya kiti chake. Ukumbi ulifungwa, mashine zikauzwa vyuma chakavu, na tangu hapo mzee wa watu ameutafuta mchezo ule kila duka bila kuupata. Alikuwa na nyumba, magari na tumbo. Alichokosa ni paka.

Waranti akachukua bisibisi, akafungua kifuniko. Ndani kulikuwa na ubao mmoja wa kijani, mdogo kama kadi ya karata, kompyuta kamili imejikunyata juu ya kitambaa. Akainama akanusa.

"Unasikia hiyo harufu, Shangazi?"

"Nasikia harufu ya biskuti."

"Ndiyo yenyewe. Ubao ukiungua moyo hutoa kautamu fulani."

"Kumbe una moyo?"

"Shangazi yangu, hii ni kompyuta nzima kwenye ubao mmoja. Kila kitu kimoja na mwenzake. Huwezi kung'oa kipande ukaweka kingine. Ni kama yai. Ulishawahi kulitengeneza yai likipasuka?"

"Sijawahi."

"Basi."

Shangazi alinyamaza. Waranti, ambaye aliogopa ukimya kuliko polisi, akainama chini ya meza na kutoka na pasi ya mvuke aliyoachiwa na mteja mmoja aliyehama mji.

"Roho inaniuma uondoke mikono mitupu. Niachie hiki chuma nikitoe skrubu, wewe chukua hii."

"Mimi nasuka nywele, sipigi pasi."

"Nywele za siku hizi zinapigwa pasi, Shangazi. Usibaki nyuma."

"Inafanya kazi?"

"Ina waranti."

Shangazi aliupapasa mkebe, akashusha pumzi ndefu, ndefu kidogo kuliko mkebe ulivyostahili. "Haya. Uzike wewe, mimi siwezi." Akaikwapua pasi, akapanda ngazi, na Waranti angeapa kwamba nyayo zake zilikuwa zinacheza ngoma.

Sasa lazima isemwe kwamba Waranti hakuwa fundi mbaya. Kazi aliijua. Ila alikuwa ameona jumbani humo mafundi waaminifu wakifukuzwa kwanza, akajifunza haraka.

Alianza na kiradi. Kiradi cha njano pembeni ya kioo si mzimu, ni njaa: ubao unalilia umeme. Akaigeuza chaja ya Shangazi kutazama nguvu yake na kukuta karatasi nadhifu imebandikwa, "Halisi. Ampea tatu." Akaitambua. Alikuwa ameichapisha yeye mwenyewe, akabandika kwenye boksi zima la chaja ambazo zote kwa pamoja zisingeendesha kengele ya baiskeli. Waranti alisimama kidogo na karatasi ile mkononi, katika hali ya mtu aliyeuziwa uongo wake mwenyewe, na akakiri kwamba ilibandikwa vizuri. Akaitupa, akaleta chaja ya kweli, ile anayochajia simu yake. Kiradi kikatoweka.

Yakaja maandishi meupe, mvua ya maandishi kwenye kioo cheusi, kisha yakaganda katikati. Akachomoa kadi ya memori, ndogo kama ukucha, akaisugua meno yake ya dhahabu kwa kifutio cha penseli, akairudisha. Maandishi yakapita. Mara ikatokea alama ya kipimajoto: mkebe haukuwa na pa kupumulia, na ubao ulikuwa unachemka kama sufuria yenye kifuniko. Akachukua msumari na nyundo, akautoboa chini na juu, akabandika juu ya ubao kipande cha alumini alichokitoa kwenye redio ya marehemu fulani. Ukapoa. Lakini ulikuwa kimya, na paka asiye na muziki si paka anayeuzika. Akatafuta kwenye mipangilio, akagundua kwamba sauti inapelekwa kwenye waya wa picha wakati spika imechomekwa kwingine, akaielekeza njia. Mwisho zikabaki pedi, ambazo kitufe cha kuruka kilimlaza paka chali na cha kulala kikamrusha. Akaifundisha mashine upya, kitufe kimoja kimoja, kama anayemfundisha mtoto kuvaa viatu.

Kisha akacheza. Paka wake akaruka paa la kwanza, akajigonga kwenye tangi la paa la pili, akaanguka. Akacheza tena, akaanguka palepale.

"Inatosha," alijiambia. "Anaruka, muziki unalia." Dakika ilikuwa imekwisha.

Asubuhi iliyofuata alibisha ofisini kwa Mwenye Jumba, kule uani, kwenye kiyoyozi. Hakuja kuuza kitu. Alikuja, kama alivyoeleza kwa unyenyekevu, kuomba kioo cha televisheni kwa muda mfupi ajaribu mali ya mteja, kwa sababu kioo chake mwenyewe kilikuwa na mawingu.

"Fanya haraka," alisema Mwenye Jumba bila kuinua macho kwenye mikataba yake.

Muziki ukalia. Ulikuwa wa sauti nyembamba, wa kudundadunda, unaofanana na mtu anayeshuka ngazi akiwa na kandambili. Kalamu ya Mwenye Jumba ikasimama.

"Huo wimbo."

"Samahani Mheshimiwa, napunguza."

"Ukipunguza nakukata mkono. Hiyo ni nini?"

"Wala usijisumbue. Vitu vya zamani. Vipaka vinarukaruka."

Mwenye Jumba alikuwa ameshazunguka meza. Alinyoosha mkono kukishika kiti, akakikosa, akakishika. "Ni ya nani?"

"Bwana mmoja wa mtaa wa juu. Mtu mzito. Anaijia leo."

"Mwambie imekufa."

"Mheshimiwa!" Waranti alishika kifua. "Nimdanganye mteja?"

"Mwambie ubao umeungua."

Waranti aliumia kidogo kuusikia uongo wake katika kinywa cha mwingine, tena bila usanii wowote.

"Na sifa yangu je? Ataninadi mjini kwamba mimi mwizi. Na kwenye uvungu unanitoa, nitajificha wapi? Mtu mwenye mlango, akitukanwa, anaufunga. Mimi sina hata pazia."

"Unataka mlango gani?"

"Wowote, Mheshimiwa. Hata ule wa mbele."

Mkono mmoja wa Mwenye Jumba ulikuwa kwenye droo ya funguo. Wa pili ulikuwa umeshaishika pedi.

"Sakafu yake inatengenezwa."

"Nitaitengeneza mimi."

Ufunguo ukaruka hewani, Waranti akaudaka.

"Na kodi yake, Mheshimiwa?"

"Tutaongea," alisema Mwenye Jumba, na paka akaruka. Iandikwe popote panapoandikwa mambo makubwa: ilikuwa mara ya kwanza mtu yule kuahirisha mazungumzo ya kodi.

Ikaanza enzi mpya. Waranti alihamia chumba cha mbele, akajinunulia kiti kinachozunguka, akaandika ukutani kwa rangi nyekundu "Kliniki ya Umeme", akaanza kuwaambia wateja wasubiri hata asipokuwa na kazi. Wapangaji walipita wakachungulia. Mama mmoja alisimama dirishani na beseni lake la nguo mbichi, kukiwa na mvua, akamtazama tu. Waranti alifunga pazia. Sasa alikuwa nalo.

Mwenye Jumba naye hakuonekana uani. Hakupita kwenye korido ya chini kuhesabu balbu. Hakutuma mtu kufunga bomba, na kwa kuwa hakutuma, hakuna aliyefunga, na maji yakapanda hadi ghorofa ya juu kabisa, ambako watoto walikimbia kuwaita mama zao waje kuyaona. Kutoka ofisini ulisikika wimbo wa kandambili mchana kutwa, na mara mojamoja sauti ya mwanamume mzima akimtukana paka.

Juu ya kioo kulikuwa na rekodi ya mtu aliyetangulia. Mwenye Jumba aliikaribia, akaikosa, akaikaribia, akakosa chakula cha mchana. Hatimaye, alasiri moja, akaipita.

Paka akasimama. Muziki ukakatika. Kwenye kioo ukajitokeza uso wa mwanamke, umechorwa kwa vidoti vikubwavikubwa, ukatoa ulimi. Na kutoka kwenye spika ikaja sauti:

"Hongera, kijana. Umenipita. Sasa panda ghorofa ya tatu, mlango wa buluu, tucheze ana kwa ana. Usipokuja, nitajua wewe hodari wa kushindana na sanduku."

Akabonyeza kitufe. "Hongera, kijana." Akabonyeza vyote. "Hongera, kijana." Kelele aliyoipiga ilimtoa Waranti kwenye kiti chake kinachozunguka kabla hakijamaliza kuzunguka.

"Fundi! Hii nini?"

Waranti alitazama ulimi ule wa vidoti. Hakuwahi kufika huko. Paka wake aliishia paa la pili.

"Ni hitilafu, Mheshimiwa. Hitilafu ya… ya kumbukumbu." Akachomoa waya, akachomeka. Marangirangi, maandishi, wimbo, kisha ulimi. "Hongera, kijana."

"Hiyo sauti ni ya yule msusi."

"Sauti za watu zinafanana sana."

"Aliuliza habari ya maji mkutanoni kwa sauti hiyohiyo, nikamsikia hadi uani! Bwana wa mtaa wa juu yuko wapi?"

"Huenda aliinunua kwa… mjini vitu vinazunguka, Mheshimiwa."

Ajabu ni kwamba Mwenye Jumba hakujali. Kuibiwa, kudanganywa, hayo aliyazoea, alikuwa akiyafanya kila siku. Kilichomchoma kilikuwa neno moja. "Hodari wa kushindana na sanduku? Mimi? Beba huo mkebe. Tunapanda."

Na ndivyo Mwenye Jumba alivyozipanda ngazi zake mwenyewe, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Baba yake aliahidi lifti, akajenga shimo lake, akafa. Mwana akarithi ahadi, akairithisha kwa wapangaji. Ghorofa ya kwanza alisimama.

"Mbona giza?"

"Taa ziliungua," alisema Waranti, na mkebe kifuani.

"Lini?"

Milango ilikuwa imeanza kufunguka. Hakuna aliyejibu, kwa heshima tu. Ghorofa ya pili mguu wa Mwenye Jumba ukazama kwenye ndoo hadi kwenye kifundo.

"Nani kaweka ndoo hapa?"

"Mvua," alisema fundi viatu mstaafu, akiwa ameegemea mlango wake.

Walipofika ghorofa ya tatu jumba zima lilikuwa nyuma yao, na Mwenye Jumba alikuwa akihema kama gari bovu kilimani. Mlango wa buluu ulikuwa wazi. Televisheni ilikuwa inawaka, na viti viwili vimewekwa sambamba. Shangazi alikuwa ameinamia kichwa cha mteja.

"Karibu baba. Nipe nafasi nimalize mstari huu."

Basi mwenye jumba, mwenye viwanja na magari, akasimama na kiatu kinachotiririka maji akisubiri msuko ufike kisogoni. Hakuna aliyecheka. Walikuwa wanavihifadhi vicheko.

"Unajiona hodari," alisema hatimaye.

"Mimi? Msusi tu, baba. Ila bure sichezi."

"Unataka nini?"

"Ufunguo wa chumba cha wapangaji."

Waranti alicheka, peke yake. "Shangazi, una utani wewe!"

"Na nikishinda mimi?" aliuliza Mwenye Jumba.

"Nautoa ule uso kwenye mashine, ucheze mpaka uzeeke nayo. Na mimi mkutano siitishi tena jumbani humu. Sitauliza habari ya maji, wala ya taa, wala ya lifti."

Watu wakaguna. Mama wa beseni akasema, "Shangazi, usifanye hivyo!" Mwenye Jumba akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu paka asimame. Maisha yake yote alikuwa amelipa watu wamnyamazishe yule mwanamke, na sasa ananyamazishwa kwa kitu anachokiweza.

"Fundi, toa ufunguo."

"Mheshimiwa, ule ni wangu…"

"Ni wako kwa hisani ya nani?"

Ufunguo ukawekwa juu ya televisheni. Waranti aliutazama pale juu, akaona dirisha lake, pazia lake, kiti chake kinachozunguka, vyote vinaning'inia kwenye mkia wa paka. Ikambidi afikiri haraka. Alipiga goti kuunganisha nyaya, mgongo ameupa umati, na katika kuunganisha huko kidole chake kikachovya kwenye kichupa cha gundi mfukoni na kuacha tone chini ya kitufe cha kuruka cha ile pedi mpya. Kisha akainuka, akainama kwa adabu kama mhudumu wa hoteli.

"Shangazi, wewe ndiye mwenyeji. Chukua hii nzuri."

Shangazi akanyoosha mkono.

"Subiri," alisema Mwenye Jumba. "Kwa nini yeye apewe mpya na mimi nipewe kuukuu?"

"Mheshimiwa, kuukuu ina… ina uzoefu."

"Lete hapa hiyo."

"Lakini…"

"Lakini nini?"

Huyu hapa alikuwa mtu aliyewahi kuuza feni kwa kipofu kwa kumsifia rangi yake. Kinywa kilifunguka, ulimi ukanyanyuka, na neno halikutoka. Mwenye Jumba aliipokonya pedi mpya, akaketi.

Shangazi akabonyeza vitufe kwa mpangilio alioujua mwenyewe, ule uso ukajificha, na paka wawili wakaanza, mmoja kila upande wa kioo. Mapaa ya kwanza yalikwenda vizuri, na tumbo la Mwenye Jumba lilikuwa likiruka pamoja na paka. Kisha gundi ikaanza kushika. Paka wake akaruka alipotakiwa kutembea, akaruka alipotakiwa kulala, akawa anaruka tu, kama aliyekanyaga makaa. Paka wa Shangazi alipita juu ya matangi na chini ya kamba kwa ulaini wa uzi unaopita kwenye nywele zilizopakwa mafuta. Umati ulikuwa unamshangilia kwa miguu, na vumbi likashuka ghorofa zote. Mtu mmoja tu alikuwa upande wa pili, na mishipa ya shingo ilimtoka.

"Tulia, Mheshimiwa! Lala! Lala sasa! Ah, si huko!"

Paka wa Mwenye Jumba akalikumbatia tangi, akateleza taratibu, akaanguka barabarani.

Kelele zilizopigwa humo zilisikika mpaka sokoni. Mwenye Jumba alisimama na pedi mkononi, amewiva.

"Pedi mbovu hii! Kitufe kinanata! Ifunguliwe hapahapa, tuone nani kafanya mchezo!"

Macho yote yakamgeukia fundi. Ndani ya pedi ile kulikuwa na tone la gundi, kwenye mfuko wake kulikuwa na kichupa cha gundi, na kati ya yeye na mlango kulikuwa na jumba zima. Waranti akajipiga kifua.

"Pedi nzima hiyo, Mheshimiwa," alisema kwa sauti iliyopasuka katikati. "Nimeijaribu mwenyewe. Ina waranti."

"Na umeichagua mwenyewe, baba," alisema Shangazi kwa upole. "Sote tumekuona."

Mwenye Jumba alitafuta uso mmoja wa kumuunga mkono. Akakwapua mkebe wake chini ya kwapa, akashuka. Kwenye ngazi ya ghorofa ya pili walimsikia akikutana tena na ndoo. Hapo ndipo walipocheka, vyote walivyovihifadhi, kwa pamoja.

Chumba kilifunguliwa kesho yake. Sakafu ilikuwa nzima kabisa. Kamba za nguo zikafungwa ukuta hadi ukuta, na Waranti akawa anapenya katikati ya mashuka mabichi, akiburuta meza yake kuelekea nje, asijue nje kwenyewe ni wapi. Shangazi alikuwa anabana shuka la mwisho.

"Shangazi, nikuulize kitu."

"Uliza."

"Ulijua nitampelekea?"

Shangazi hakugeuka. "Kila kitu kizuri jumbani humu huishia kwake, mwanangu. Maji, chumba, hata upepo wa dirishani. Mimi mlangoni kwake sikaribishwi. Nilihitaji mtu wa kubeba."

Waranti alisimama na meza yake. Alijaribu kukasirika, akaona hana pa kuanzia. Katika miaka yake yote ya kuwaingiza watu mjini, hakuwahi kumwingiza mtu kiasi cha kupanda ngazi mwenyewe, amebeba mzigo, tena anatoka jasho.

"Na ujira wa mbebaji?" aliuliza.

Shangazi alimpima kwa macho, kuanzia viatu hadi kichwani, halafu akaonyesha kwa kidole pembe ya chumba, penye mwanga wa mtaa.

"Weka meza yako pale, karibu na dirisha. Utazoa vumbi zamu yako kama wengine."

"Mungu akuzidishie, Shangazi! Kwa kweli wewe ni…"

"Ngoja. Mkutano unaanza jioni hii, habari ya taa na lifti. Viti viko ghorofa ya tano. Nenda ukavilete."

Waranti akazitazama ngazi. Akalitazama dirisha. Akakunja mikono ya shati.